Oili ya Breki ya Land Rover ya Mjomba

Najua nimepotea. Nilikuwa nyumbani, Nambis kule Mbulu, wiki tatu nzima, na nimerudi Dar na mambo chungu nzima ya kuwasimulia. Ningeweza kuanza na harusi ya binamu yangu, au na baridi ya mwezi wa saba inayomfanya mtu mzima anawe uso kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Lakini hapana. Leo naomba tuzungumzie oili ya breki.

Usicheke kwanza. Ndiyo, ile ya kwenye kichupa kidogo, ambayo wenye magari wengi hawajui hata inamiminwa wapi. Mafundi wengine wanaiita brekifluidi. Mimi sina gari, nategemea daladala na bodaboda kama wengi wenu, kwa hiyo sikuwahi kuifikiria. Mpaka nilipokuta nyumbani wanabishana juu yake, na mama yangu mzazi akiwa mmoja wa abiria.

Ambao hamjafika kwetu, niwaeleze. Mbulu iko juu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukitaka kwenda Babati una njia ya kupitia Dongobesh ukashuke Dareda, au unashuka Mlima Magara unaokutupa chini kabisa, karibu na Ziwa Manyara, kwenye kama mita 960. Barabara zimeboreshwa sana kuliko nilipokuwa mtoto, hilo tuliseme. Lakini mlima ni mlima. Lami au zege haliondoi mteremko.

Sasa mjomba wangu ana Land Rover 109 ya mwaka 1969. Ni ile ndefu, na hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Wanaozijua wanaiita Series IIA. Kwa wenzetu Uingereza gari la umri huo ni la kale, mtu analifunika shuka, analitoa Jumapili likiwa limeng'arishwa, anapiga nalo picha na kulirudisha bandani. Hata kwetu mapenzi hayo yapo. Mtakumbuka Oktoba 2024 pale Arusha, Land Rover zilivyojazana barabarani kwenye lile tamasha, watu wakitaka kuvunja rekodi ya Wajerumani waliopanga msafara wa gari 632 mwaka 2018. Siku ile niliona watu wazima wakilia kwa furaha kwa sababu ya mngurumo wa injini.

Ya mjomba haikwenda kwenye tamasha. Ilikuwa kazini. Inabeba mbolea, inabeba mahindi, inabeba wagonjwa usiku, inabeba maharusi. Mwezi wa saba inabeba maharage. Na Jumamosi ile ilikuwa ishuke Magara na magunia ya maharage ya kikundi cha akina mama, pamoja na akina mama wenyewe, maana hakuna mwanamke wa Nambis atakayekuachia maharage yake uende kumuuzia peke yako.

Tatizo lilikuwa pedali ya breki. Ilikuwa imelainika. Mjomba alisema ni kama kukanyaga andazi. Dereva wake, kijana mmoja mpole, alikuwa ameshazoea kuikanyaga mara mbili mbili kabla ya kona. Wote waliona ni tabia ya gari, kama mzee mwenye goti bovu. Mimi nikauliza tu kwa umbea wangu wa kazi: kwani inatakiwa iwe hivyo?

Basi hapo ndipo mjadala ulipoanza.

Fundi alisema iongezwe oili, itolewe upepo, twende zetu. Dereva akakimbia dukani, akarudi na oili ya breki kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ndiyo, mmesoma vizuri. Wamempimia. Chupa kubwa iko rafuni, imefunguliwa siku nyingi, kila anayekuja anapimiwa kidogo kulingana na hela yake, kama mafuta ya kula. Nikamuuliza ni ya aina gani, namba ngapi? Akasema, "Dada, zote moja."

Binamu yangu wa Arusha, ambaye ni mgonjwa wa Land Rover kupindukia, akapiga simu na kutoa amri yake: msiweke hiyo takataka, gari la kale linawekewa silikoni. Kwamba Ulaya na Marekani watu wa magari ya kale wanaitumia, haivuti maji, hata ikimwagika haili rangi. Anayo chupa mbili, anaweza kuzituma na basi.

Na mzee mmoja jirani, aliyewahi kuwa dereva enzi zile, yeye akasema mnajisumbua bure. Akiishiwa porini alikuwa anamimina oili ya injini kidogo, na mpaka leo yuko hai.

Watu watatu, oili tatu, na Jumamosi inakuja. Nikamwambia mjomba, "Mjomba, nipe siku mbili." Akacheka. "Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Haya, kaandike habari ya breki."

Nikaandika. Nimesoma, nimepiga simu kwa mafundi wawili wa Arusha na mmoja wa Moshi, nimekaa chini ya lile gari na fundi wetu mpaka nikanuka. Nimeona nisiyaache kwenye daftari.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukikanyaga pedali, unasukuma oili kutoka kwenye silinda kuu, ile wanayoiita masta silinda. Oili inapita kwenye vibomba mpaka kwenye vijisilinda vya magurudumu, nayo inasukuma breki shuu zikabane ngoma. Oili haibonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu wako inafika gurudumuni papo hapo. Ndani ya silinda zote kuna vijiraba vyenye umbo la kikombe vinavyozuia oili isivuje. Hivyo viraba viwekeni akilini, ndivyo vyenye kauli ya mwisho katika hadithi hii.

Sasa mteremko. Chukua Land Rover yenye mzigo na watu, tuseme tani mbili na nusu, ishushe mita 600 bila kuongeza kasi. Ile nguvu yote ya kushuka lazima iende mahali. Nimepiga hesabu kwa kanuni ya fizikia ya kidato cha tatu: joto linalopatikana linatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20, kutoka ubaridi wa kawaida mpaka yatokote. Ukishuka kwa gia nzito, injini inabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ukishuka kwa mguu peke yake, ndoo zako mbili zinachemkia kwenye ngoma nne za chuma. Na umbali mfupi kutoka hapo kuna oili yako.

Oili ikichemka inatoa mapovu ya mvuke. Mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali, mguu unakwenda mpaka chini, unachobana ni mvuke tu. Ndiyo ile dereva anasema "breki zilikataa ghafla". Kisha gari likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inarudi juu kama vile hakukuwa na kitu, na watu wanabaki kuzungumzia ushirikina.

Kwa hiyo kiwango cha kuchemka ndicho kinachoandikwa kwenye zile namba. DOT ni kifupi cha Idara ya Uchukuzi ya Marekani, waliotunga viwango hivyo. Oili mpya ya DOT 3 inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selisiasi. DOT 4 ni 230. DOT 5 na DOT 5.1 ni 260. Mpaka hapo kila mtu atasema basi chukua namba kubwa kabisa, tumalize. Subirini.

Oili ya DOT 3, DOT 4 na 5.1 ni za ukoo mmoja, ukoo wa glaikoli. Huu ukoo una kiu. Unavuta unyevu kutoka hewani, kupitia kwenye tundu la hewa la kizibo na hata kupitia kwenye hozi za mpira. Wale waliotunga viwango walilijua hilo, wakaweka kipimo cha pili: oili ikishakuwa na maji asilimia 3.7, inachemka kwa kiasi gani? DOT 3 inashuka mpaka 140. DOT 4 inashuka mpaka 155. Yaani chupa ya DOT 4 iliyoshiba maji ni dhaifu kuliko DOT 3 mpya, tena kwa mbali sana. Maji yakizidi hapo, inaendelea kushuka.

Mmeona sasa tatizo la chupa ya kupimiwa? Imekaa wazi rafuni masika mazima. Mbulu kuna ukungu na mvua za kutosha. Inamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ambayo pengine haikukauka vizuri. Lebo inasema DOT 4, na haidanganyi, ilikuwa DOT 4 siku ilipofunguliwa. Simlaumu mwenye duka sana. Kwetu kila kitu kinapimwa: mafuta ya taa, sukari, sabuni ya unga, hata dawa ya ng'ombe. Mtu mwenye hela ya robo chupa atanunua robo chupa. Lakini hiki ni kitu kimoja ambacho umaskini wa kupima unakila ndani kwa ndani, na huwezi kukiona wala kukinusa. Rangi nayo haisemi ukweli wote. Oili inaweza kuwa nyeupe na imejaa maji.

Haya, tuje kwa silikoni ya binamu. Hiyo ndiyo DOT 5, ya rangi ya zambarau. Tafadhalini msiichanganye na 5.1, ambayo ni ya ukoo wa glaikoli kama tulivyosema. Sijui nani alipanga namba hizi, ila hakuwafikiria wauza maduka. Binamu hakukosea aliposema silikoni haivuti maji wala haibabui rangi. Kwa mzee wa Kiingereza anayeweka gari bandani miezi tisa, inafaa sana. Lakini maji yakiingia kwa njia yoyote, silikoni haiyayeyushi. Yanazama yakae peke yake chini kabisa, kwenye vijisilinda vya magurudumu, kule kule kwenye joto. Yakiwa peke yake hayangoji nyuzi 155, yanachemka kama maji ya chai. Kwenye miinuko kama yetu maji ya chai yanachemka hata kabla ya kufika 100, yanaishia kwenye 94 au 95 hivi. Silikoni pia inabeba viputo vya hewa kwa urahisi, kwa hiyo pedali inaweza kubaki andazi vile vile. Na haichangamani na glaikoli. Ukitaka kuihamia, unatoa oili yote ya zamani, unasafisha mfumo mzima, unabadilisha raba zote. Kisha ukiishiwa njiani, Dongobesh au Haydom, utaipata wapi? Utamimina iliyopo, na hapo umechafua kila kitu.

Gari la kupiga picha na gari la kubeba maharage yanaweza kuwa ya kiwanda kimoja, mwaka mmoja, rangi moja. Mahitaji yao ni tofauti. La maharage linahitaji oili ambayo dereva ataikuta kwenye duka la kawaida.

Nimebakiza mzee jirani na oili yake ya injini. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo la hatari kuliko yote, na tunalisikia kila siku: "oili ni oili".

Breki za oili zilipoanza, Mmarekani Malcolm Loughead alitumia vikombe vya ngozi ndani ya silinda. Gari la Duesenberg la mwaka 1921 lilikuwa na breki zake kwenye magurudumu yote manne. Ngozi ilivuja, ikaja raba mahali pake. Na mnajua enzi hizo walikuwa wanamimina nini? Mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na spiriti! Nyonyo hii hii iliyojiotea nyuma ya zizi la mjomba, ambayo watoto wanapigania mbegu zake. Sababu ni kwamba mafuta ya nyonyo hayadhuru raba. Mafuta yanayotokana na petroli, yaani oili ya injini, ya gia, ya hidroliki, dizeli, yote yanaivimbisha. Raba inalainika, inavimba mpaka inanata kwenye silinda, breki zinabana zisiachie, baadaye inapasuka na oili inavuja yote. Haitokei siku ile ile. Ndiyo maana mzee jirani anaweza kuapa kwamba hakupata shida. Alimimina, akafika, akakabidhi gari kwa dereva mwingine.

Kumbe chaguo la oili ni mazungumzo na raba. Oili za glaikoli zilitengenezwa zielewane na raba za breki kama nyonyo ilivyoelewana nazo. Nje ya hapo yapo magari machache yenye mfumo wake, kama Citroën DS za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, zinazotumia oili ya kijani ya madini na raba zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Ukiiwekea hiyo glaikoli umeiua. Lakini hizi zetu tulizokulia ndani yake, Land Rover, Peugeot 404 na 504, Volkswagen kobe, zote ni za glaikoli.

Swali la mwisho nililowauliza mafundi: gari la 1969 liwekewe DOT 3 au DOT 4? Wako wanaoamini DOT 4 inakula raba za zamani. Walichonijibu wote watatu ni kile kile. Raba za mwaka 1969 haziko tena kwenye gari lolote linalotembea, zimeshabadilishwa mara nyingi, na za kisasa hazina ugomvi na DOT 4. Kama raba ni nzee kiasi cha kuogopa oili mpya, basi hiyo raba itolewe leo. Hakuna oili ya kuiponya.

Jibu likawa limepatikana, na lilikuwa la kawaida kabisa, karibu la kukatisha tamaa. DOT 4, chupa zilizofungwa, raba mpya. Bei ya chupa haikufika bei ya jogoo.

Fundi wetu nimtendee haki. Mwanzoni aliniangalia kwa jicho la "huyu dada wa mjini". Lakini alipoona mjomba amekubali kutoa hela ya raba, alibadilika akawa mwalimu. Alinionyesha jinsi mguu unavyosoma ugonjwa. Pedali ikienda chini sana kisha ikapanda ukikanyaga mara ya pili, shuu ziko mbali na ngoma, zinahitaji kurekebishwa tu. Ikiwa laini kama andazi, kuna upepo. Ukiikanyaga ukaishikilia nayo ikazama polepole yenyewe, raba za masta silinda zimechoka. Yetu ilikuwa na yote matatu, ashukuriwe Mungu. Sasa fikirieni: mfumo wenyewe ni mmoja kwa magurudumu yote manne. Magari ya siku hizi yana mifumo miwili, mmoja ukikataa mwingine unabaki. Hili likipasuka kibomba kimoja, umepoteza yote, unabakiwa na gia na hendibreki. Na hendibreki ya Land Rover hizi haibani magurudumu. Inabana shafti inayotoka kwenye gia, kwa vyuma tu, bila oili. Ni ya kuegesha. Ukiivuta gari likiwa kwenye mwendo, omba usihitaji kuivuta mara ya pili.

Alhamisi walifungua silinda zote. Kwenye kijisilinda kimoja cha nyuma ilitoka kitu kama uji wa ulezi, na kutu imechimba vishimo. Raba moja ilikuwa imevimba ikawa kubwa kuliko mpya kwa unene wa kucha. Fundi akaiweka kiganjani kwangu bila kusema neno. Kuna mtu, siku fulani, porini, alimimina "oili ni oili". Mjomba alinunua gari lile mnadani zamani sana na limepita kwa madereva wengi, kwa hiyo hatutajua ni nani. Vijisilinda viwili vililazimika kubadilishwa, tukavisubiri kutoka Arusha.

Kabla ya kumimina, fundi alifanya jaribio ambalo nawaachia kama zawadi. Alitia matone ya oili mpya kwenye glasi ya maji. Yakapotea, yakayeyuka. Ndivyo glaikoli inavyofanya. Oili ya injini ingeelea, na silikoni nayo ingejitenga. Halikwambii kama oili ni nzuri au ya zamani, lakini linakwambia kama umeuziwa kitu kingine kabisa kwenye chupa ya breki. Hiyo ni pamoja na kuangalia alama ya TBS na kizibo kisichoguswa.

Klachi nayo ikabadilishwa oili, maana inatumia hiyo hiyo, na kwenye baadhi ya hizi za zamani zote mbili zinakunywa kutoka kopo moja. Kutoa upepo kulichukua mchana mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga pedali. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nilikuwa nahesabu. Baada ya mara ya mia moja na kitu niliacha. Lakini niliisikia kwa mguu wangu mwenyewe ikigeuka, kutoka andazi kuwa mhogo mbichi.

Safari haikuwa Jumamosi. Ilikuwa Jumatatu, na akina mama walinung'unika, maana soko halimsubiri mtu. Mjomba akawaambia maneno machache tu: "Maharage hayaozi kwa siku mbili." Mama alikaa mbele, khanga kichwani, akaniaga kama kawaida. Dereva aliweka gia nzito tangu juu kabisa, kama fundi alivyomwagiza. Mchana akapiga simu kutoka chini: tumefika, kumechangamka, bei si mbaya. Ndiyo habari yote. Hakuna kilichotokea. Katika kazi yangu habari ya namna hiyo hakuna mhariri atakayeipokea. Tunasubiri mpaka gari litumbukie korongoni ndipo tuandike "breki zilikataa", kisha tunahamia habari nyingine, na hatuulizi zilikataaje.

Mimi nimeanza kuuliza. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haiwezi kuona maji yaliyoingia ndani ya kibomba. Anayeweza kulijua hilo ni mwenye gari, kwa kukumbuka tu tarehe. Mafundi wote watatu waliniambia oili hii ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, gari liwe limetembea au limelala. Mjomba ameandika tarehe kwa rangi nyeupe kwenye bati chini ya boneti, pembeni ya lile kopo, pale ambapo oili za miaka yote zilishababua rangi mpaka chuma kikaonekana. Na ile chupa ya maji ya kunywa aliyokuja nayo dereva iliishia kulegeza nati za jembe la ng'ombe zilizoshika kutu. Haikupotea bure.

Haya, zamu yenu. Wenye magari, ya kale au ya juzi: mara ya mwisho oili ya breki ilibadilishwa lini? Nasema kubadilishwa, kuongezwa hakuhesabiki. Kama jibu ni "sijui", basi mnalijua la kufanya wikiendi hii. Na kama kuna fundi humu ndani mwenye la kunisahihisha au kuniongezea, karibu sana. Kiti kipo na chai ipo.

Alamsiki.